Bwana Mchanga Apanda Meli

Watu wa mji wetu wa Salama wakikuambia kwamba mimi Kalunde ndiye niliyempeleka Bwana Mchanga baharini, usiwasikilize. Mimi huandika maneno ya katuni tu. Anayechora ni Mbinya, na aliyetaka bahari ni Mama Ambiyo, mama yake Roble wa mbuzi. Mimi nilipinga tangu mwanzo, tena kwa sababu nzuri: Bwana Mchanga ni mtu wa kwetu Ukambani. Kazi yake ni kulala kwenye mto mkavu, mchanga kati ya mchanga, mpaka malori ya wezi wa mchanga yafike na makoleo yao. Hapo anainuka, amevaa gunia lenye matundu mawili ya macho, na lori linazama hadi kwenye madirisha. Watu walimpenda hivyohivyo. Hapa kwenye duka langu la fotokopi, na kwenye vibanda vya Nunguni na Kikima, kila toleo la katuni yetu lilikwisha kabla soko halijafungwa. Mtu kama huyo unampeleka baharini akafanye nini?

Mama Ambiyo alikuja asubuhi moja ya Julai, baridi ikiwa bado imekalia mji, akaketi kwenye benchi la wateja bila kusema anataka nini. Mkononi alikuwa na toleo letu la mwisho, ambalo watoto wa nyumbani kwake walikuwa wamelichakaza hadi likawa laini kama kitambaa. Aliniuliza kama huyu mtu wa mchanga anaweza kwenda mahali penye maji mengi. Nikamjibu kwamba mchanga na maji vinajuana tangu zamani, sisi watu wa huku ndio tunaojua. Akaanza kunieleza habari za baba yake.

Baba yake aliitwa Abdifatah. Enzi za Waingereza, kabla Ambiyo hajazaliwa, alishuka kutoka kaskazini na kondoo wa kuuza, akafika Mombasa, akapata kazi kwenye meli yao kubwa ya moshi. Kazi yenyewe ilikuwa kuchochea makaa kwenye tumbo la meli, mahali ambapo jua halifiki. Nyumbani aliacha mke mwenye mimba. Kwa muda walisikia kwamba ameonekana bandari fulani, mara bandari nyingine, halafu wakaacha kusikia. Mama yake Ambiyo alizoea kuacha mkeka unaoziba mlango umekunjwa kila jioni, hata upepo wa vumbi ukivuma, ili mtu akija asihangaike kubisha. Ambiyo alikulia mbele ya mlango huo.

"Nataka arudi," aliniambia. "Mara moja tu. Aingie mlangoni, atoe hilo gunia, nimwone uso."

Mimi ni mtu wa kukataa haraka, waulize majirani. Hata mchungaji wetu akija na matangazo yake ya harambee huanza kwa kunisalimia mara mbili. Lakini siku ile nilijikuta nimeshamwambia mama wa watu kwamba tutajaribu.

Mbinya anakaa Nunguni, juu huko ambako mwezi wa Julai ukungu haukuachi uone mbuzi wako mwenyewe. Bahari hajawahi kuiona. Kanisa lao liliwapeleka kina mama Mombasa mara moja, lakini yeye jino lilimuuma safari nzima akabaki amelala kwenye kiti cha nyuma ya basi, kitambaa usoni. Kwa hiyo bahari ya Mbinya ni ya Nunguni. Aliamka alfajiri, akatazama vilima vikielea juu ya ukungu, akavichora kama visiwa. Mawimbi yake aliyapanga matuta matuta, moja juu ya jingine, kama mashamba yetu ya mteremkoni, na ukiangalia vizuri unaona hata nyasi za kuzuia udongo kwenye kingo. Nilimwambia mawimbi hayakai hivyo. Akaniuliza mimi niliyaona lini. 

Basi Bwana Mchanga akapanda meli. Tulimrudisha nyuma hadi enzi za yule Abdifatah, tukampa koleo la makaa, gunia tukamwachia. Kapteni tulimfanya mzungu mrefu wa kaptula, mwenye mwendo wa mkaguzi wa shule, na mkononi kila mara ana ufunguo. Ufunguo huo ulikuwa wa pipa la maji ya kunywa. Wachochea makaa walipewa kikombe kimoja wakishuka zamu, halafu pipa likafungwa, na huko chini joto lilikuwa linapika watu.

Nitakuambia kitu ambacho simwambii kila mtu. Tangu tuanze hadithi ile, Salama ililowa. Si kwa mvua, kwa maana Julai haina mvua. Nilikuwa nakaa dukani, mashine ikinguruma, na ule mngurumo ukawa wa chini ya sakafu, kama kuna watu huko wanafanya kazi. Trela zilizokuwa zikipita barabara kuu kuelekea Mombasa zilipita polepole, bila kelele, na mwanga ulioingia dukani ulikuwa unatikisika ukutani namna unavyotikisika ukiwa umeakisiwa na beseni la maji. Nikajilamba midomo na kukuta chumvi. Huwa siamini ndoto, na mtu akinisimulia ndoto yake namwomba aende kwenye maana. Lakini hii haikuwa ndoto. Nilikuwa macho, natoa fotokopi za vitambulisho, na bahari ilikuwa imekuja hadi Makueni, haina haraka.

Mama Ambiyo alikuja kila toleo lilipotoka. Kusoma hakujua, hivyo nilimsomea huku akitazama picha, kidole chake kikitembea kando ya mistari bila kuigusa. Toleo lililompendeza kuliko yote ni lile la kiu. Kapteni amefunga pipa, wachocheaji wameanza kuanguka, na Bwana Mchanga analala chali kwenye sakafu ya chuma na kuwa mchanga. Wenzake hawaelewi. Kisha mmoja, ambaye Mbinya alimpa sura ya mjomba wake, anapiga magoti na kuchimba kwa mikono kifuani pake, namna tunavyochimba mtoni wakati wa kiangazi, kwanza mchanga mkavu, halafu mbichi, halafu maji yanajikusanya polepole, safi. Wakanywa wote. Kule Kikima kuna mama aliyenunua nakala nyingine ya kumpelekea dada yake, akasema hiyo ndiyo katuni ya kwanza aliyoona inayojua maji yanatoka wapi.  Mama Ambiyo yeye aliniomba tu nirudie ukurasa ule.

Roble hakufurahia mambo haya. Ni mtu mpole, mfanyabiashara wa mifugo, na mara nyingi alikuja kwangu kutoa fotokopi za vibali vya kusafirisha mbuzi. Alinieleza kwa adabu kwamba katika dini yao kuchora watu si jambo la kuchezea. Mama yake akamjibu kwamba mtu wetu ana gunia, na mtu asiye na uso hajachorwa. Roble akacheka, akaliacha hapo. Wakati huo hakuna aliyewaza kuhusu ukurasa wa mwisho, ambapo gunia lingetoka.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Bwana Mchanga tulishamshusha kwenye meli. Usiku wa dhoruba alijimwaga baharini kama mtu anayemwaga makaa, akazama hadi chini, na huko chini akakuta mchanga mtupu, wa kwake, unaenda hadi upeo wa macho. Akaanza kutembea kurudi nyumbani. Toleo zima lilikuwa la kutembea. Samaki wakubwa walipita juu yake, vivuli vyao vikiteleza mchangani, na mabaki ya meli zilizozama yakamwonyesha njia. Maneno niliandika machache sana, nami ndiye mtu nisiyenyamaza. Alikuwa amebakisha mlango tu. Na mlangoni lazima tumwonyeshe Mama Ambiyo uso wa baba ambaye hakuwahi kumwona, ambaye hakupigwa picha hata moja, na ambaye mkewe alimsimulia kuwa alikuwa mrefu. Kila mtu aliyepotea alikuwa mrefu.

Mbinya hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Aliniambia uso anao. Alikuwa amemwuliza Mama Ambiyo kama kuna aliyebeba jina la mzee, na mama akamjibu ndiyo, kifungua mimba wa Roble anaitwa Abdifatah. Basi, Mbinya akasema, tumemaliza. Alisoma naye shule ya msingi hapahapa Salama, dawati moja, na uso wake anaukumbuka hadi ule upara mdogo kwenye nyusi.

Mimi nikaona amesema kweli. Ungekuwa Mkamba ungeona vilevile. Kwetu mtoto akipewa jina la mtu, mtu huyo amerudi. Mimi nimebeba jina la mama yake baba, na hadi leo baba yangu ananiita mwaitu, yaani mama. Nikiwa mdogo hakuthubutu kunichapa, na ndugu zake wakija kututembelea walinitania kwa kuniletea ugoro, kwa sababu bibi aliupenda. Hakuna aliyehitaji kumwuliza mtu bibi alifananaje. Alikuwa anacheza pale uani. Kwa hiyo ukitaka kumchora Abdifatah wa zamani, unamchora Abdifatah wa sasa, unamwongezea tu vumbi la makaa. Haikutupitia akilini kwamba wenzetu kina Roble hawahesabu hivyo. Kwao majina hufuatana kama watu walio njiani, mwana, baba, babu, na kila mmoja ni yeye mwenyewe tu.

Abdifatah wa sasa tulijua yuko Uturuki, kwenye kiwanda cha biskuti. Ndivyo Roble alivyoambia mji wote. Kila Idi alimpa mama yake salamu za kijana, na mama akajibu salamu ileile: mwambieni ale vizuri.

Ukurasa ulipokamilika, Mbinya alishuka nao kutoka Nunguni umefungwa kwa nailoni. Tuliuweka kwenye kaunta. Mlango umechorwa kutoka ndani, mkeka umekunjwa, na kijana amesimama kizingitini akichuruzika maji, gunia mkononi. Alikuwa Abdifatah kabisa. Amechoka, mashavu yameingia ndani kwa ule mwendo wote wa chini ya bahari, lakini macho yamefurahi kufika. Nilimpenda yule kijana. Mama Ambiyo alikuwa amealikwa aje adhuhuri auone kabla ya mtu mwingine yeyote.

Roble ndiye aliyetangulia, na vibali vyake vya mbuzi. Alinisalimia, akaweka karatasi kwenye kaunta, na zikabaki chini ya kiganja chake. Hakuzitoa. Nilimwuliza anataka nakala ngapi, na hakunisikia. Alikuwa anautazama ukurasa.

"Nani amewaambia?" akasema.

Mbinya akamwuliza, "Tumeambiwa nini, Baba Abdi?"

"Kwamba kijana wangu alienda na maji."

Aliketi kwenye benchi. Tulimwapia kwamba hatukuambiwa na mtu, kwamba ilikuwa ni jina tu, na Mbinya akajaribu kumweleza mambo ya majina huku machozi yakimtoka, kwa sababu alikuwa ameshaelewa. Roble alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akatueleza, kwa sauti ndogo ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. Kijana hakufika Uturuki. Alipita Sudan, akapita Libya, akapanda boti ya mpira pamoja na wengine wengi, na mwenzake aliyeokolewa alipiga simu kutoka Italia. Hiyo ilikuwa Ramadhani ya mwaka juzi. Roble na mkewe walimlilia ndani ya lori la mbuzi, wameliegesha kando ya barabara, halafu wakanawa uso kwa maji ya chupa na kuingia nyumbani. Mama Ambiyo alikuwa amekwisha kumezewa baba na bahari akiwa bado tumboni. Roble hakuona atamwambiaje kwamba imemmeza na mjukuu.

Akatuomba tubadilishe uso. Uwe wowote, wake yeye Roble, wa mtu asiyejulikana, au tumrudishie tu gunia. Mama alikuwa njiani.

Mbinya alifungua wino. Nami ndiye niliyekuwa nimesimama upande wa mlango, na ningeweza kutoka nje nikamchelewesha mama kwa maneno, maneno ndiyo kazi yangu. Lakini duka lilikuwa limejaa ule mwanga wa kutikisika, ukutani, darini, kwenye uso wa Roble, na sikuweza kuinua mguu. Nilimwona Mama Ambiyo akivuka barabara. Trela zilikuwa zimesimama kumpisha. Alikuja polepole, akaingia, akatusalimia sote, akaenda moja kwa moja kwenye kaunta.

Roble alisema, "Hooyo, ngoja." Ni neno lao la kumwita mama. Alilisema kama mtoto.

Mama Ambiyo hakungoja. Aliutazama ukurasa kwa muda mrefu. Safari hii kidole chake hakikutembea kando ya mistari. Alikiweka juu ya shavu la yule kijana.

"Amekonda," akasema.

Nilielewa kabla ya Mbinya na kabla ya Roble. Mama huyu hakuwahi kumwona baba yake. Hangejua kama amekonda au amenenepa.

"Maji yalikuwa baridi?" akauliza. Hakumwuliza Mbinya aliyechora. Alikuwa amegeuka na kumtazama mwanawe.

 Roble akasema hajui. Akasema ilikuwa mwezi wa baridi kule. Kisha akashuka kwenye benchi hadi sakafuni, mtu mzima yule, akaegemeza kichwa kwenye goti la mama yake, na mama akaweka mkono juu ya kofia yake. Alimwambia kwamba alijua tangu ile Idi ya kwanza. Abdifatah hakuwahi kumtumia salamu bila kumtania, na zile salamu za Uturuki hazikuwa na utani hata mmoja. Alijua, na alimwona mwanawe anabeba, akaogopa kwamba akimwambia anajua, mzigo utamwangukia. Kwa hiyo aliendelea kumtumia kijana salamu ale vizuri.

Mimi ambaye huuliza maswali hata pasipohitajika nilimwuliza, na sauti yangu niliisikia inatoka mbali, kwa nini basi alitutaka tumrudishe baba yake.

"Baba yangu nilimlilia nikiwa msichana, nikamaliza," akasema Mama Ambiyo. "Huyu sijamlilia. Huyu, Roble, nyinyi mlisema yuko hai."

Alisema hakuwa na ujanja wa kumtaja kijana, ndiyo akamtaja mzee mwenye jina lake. Alitaka tu kuona mtu wa jina lile akiingia mlangoni. Uso huu hakuutarajia. Alidhani tutachora uso wowote. Sasa alikuwa amemwona, na amemwona amefika.

Kisha akamwambia Roble ainuke, avae viatu vyake, aende kwa shehe amwambie kuna mtu wa kuswaliwa, ambaye mwili wake haupo. Watu waambiwe. Mbuzi wachinjwe. Mkwe wake aache kulia kwenye malori, maana hata hilo alikuwa analijua. Roble aliinuka, na alipofika mlangoni alikuwa analia kwa sauti, barabarani, mbele ya watu wa bodaboda na wauza matunda, bila kujificha, na wanaume walimkimbilia kumwuliza kuna nini, akawaambia jina la mwanawe.

Sisi tulibaki. Mbinya alikuwa bado ameshika kalamu yenye wino, akauliza amfanyie nini yule kijana, amrudishie gunia au amwache. Mama Ambiyo alikunja ukurasa mara mbili, taratibu, kwa kuufuatisha ukingo, akautia kifuani chini ya mtandio. Akaketi kwenye benchi langu la wateja. Akauliza kama naweza kufunga mlango, na nilipofunga, akaanza kulia.